Kanuni Ambayo Haikuandikwa Ubaoni

Wiki ile kila mwalimu alitakiwa kufundisha sheria za somo lake. Kwenye hisabati walikariri kwamba mabano hutangulia. Kwenye Kiswahili, upatanisho wa kisarufi. Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimwita Mama Chupa, aliandika ubaoni: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Chaki ikamkatikia mkononi.

Mwaka ulikuwa umepita tangu msichana wa kidato cha tatu amimine maji kwenye asidi, ikamrukia usoni, akapofuka. Mbele ya kamati Mama Chupa aliapa kwamba kanuni aliifundisha, ila mtoto mwenyewe ni mkaidi. Msichana akafukuzwa shule angali kitandani hospitalini. Lakini siku ya ajali ubao ulikuwa mtupu, naye mwalimu alikuwa ofisini akipiga soga. Tangu hapo, bomba likifunguliwa tu, alisikia ukelele wa yule msichana. Hata nyumbani mumewe ndiye aliyemkingia maji ya kuoga.

Sasa sauti ya mwalimu wa uraia ilipenya ukuta mwembamba: "Mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Semeni!"

Darasa likaitikia. Kisha sauti moja ikabaki nyuma.

"Mwalimu, na dada yangu? Yeye alisikilizwa na nani?"

Mama Chupa aligeukia ukuta. Sauti ilikuwa ileile ya yule msichana! Ilimchukua muda kukumbuka kwamba mdogo wa msichana huyo alikuwa ameanza kidato cha kwanza muhula huo.

Akatoka, akaingia darasa la jirani bila hodi.

"Hakusikilizwa, mwanangu," alisema. "Kamati ilinisikiliza mimi, nami nilidanganya. Sikumfundisha."

Jioni hiyohiyo aliandika maelezo yake kwa mkuu wa shule. Kabla wiki haijaisha alisimamishwa kazi, na msichana akafutiwa kosa.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwao. Mama mtu alimfungulia mlango, hakumpa kiti. Msichana alikuwa ameketi mkekani, uso umegeukia ukutani. Alimsikiliza Mama Chupa akikiri hadi mwisho.

"Mwaka mzima nilidhani ulisema, nikasahau," akasema taratibu. "Kila siku naitafuta ile siku kichwani, nikumbuke uliposema."

Mama Chupa alimsogelea.

"Nenda sasa, mwalimu," akasema mama mtu.