Jeneza la Bi Somoe Langoni mwa Kambi

Bi Somoe aliacha usia mmoja tu: azikwe ubavuni kwa mumewe. Mfaume, mwanawe wa pekee, aliitikia huku amemshika mkono, na alfajiri ileile mama akakata roho. Sasa je, maiti unamkataliaje?

Tabu ilikuwa njia. Makaburi ya ukoo yalikuwa upande wa pili wa kambi, na kambi yenyewe, ole wako! Mwingereza alikuwa amepitisha seng'enge katikati ya mashamba ya watu wa Temeke, akawaweka humo askari walioletwa kwa meli kutoka Afrika ya Magharibi kuja kumsaidia vita vyake. Mijibaba mirefu, mashavu yamejaa chale, Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Temeke nzima ilisema hao wanakula watu, na aliyeapa kwa sauti kubwa kupita wote alikuwa Mfaume huyuhuyu.

"Tumzike Kiwalani, huko hatupiti kambini, mwanangu," mjomba Kondo alimsihi. "Mungu anaijua nia yako."

"Mjomba, mie nilishamwitikia."

Basi wakalibeba jeneza, wanaume wachache tu wenye moyo. Langoni askari mwenye bunduki akawasimamisha. Akalitazama jeneza na kanga iliyolifunika, kisha akapiga filimbi kali.

Lahaula! Watu wakafumuka mahemani. Mfaume alifumba macho, akajisemea, nimemponza mama hata baada ya kufa.

Alipofumbua, bega lake lilikuwa jepesi. Askari walikuwa wameingia chini ya jeneza, wengine pekupeku, wengine povu la sabuni bado liko mashavuni, wanapokezana, huyu hatua mbili tatu, yule hatua mbili tatu, kama Muislamu yeyote anavyofanya akikutana na jeneza njiani. Na hiyo sauti! Shahada ileile ya Temeke, inatoka vifuani mwa watu wa mbali mpaka ardhi inatetema. Afisa wao Mzungu akatoka anafoka, hakuna aliyegeuka. Mwishowe akavua kofia, akasimama kando.

Mfaume mwili wote ulimsisimka. Subhanallah, maziko kama hayo hakuwahi kuyaona, hata ya wenye vyeo vyao. Akawa anakimbia nyuma, kila akitaka kupenya anapigwa kikumbo.

"Jamani, nipisheni!" akalia. "Ni mama yangu!"

Askari mmoja akageuka, akamvuta, akampa nafasi yake begani. Kaburini pia alimshika mkono wakati wa kushuka, na Bi Somoe akalazwa ubavuni kwa mumewe.

Walipokwisha kufukia, wafiwa wakasimama kupokea mkono wa pole. Yule askari akagusa kifua chake, akanyoosha kidole kwao, magharibi, akasema neno moja: "Mama." Kisha akaugusa udongo mbichi wa kaburi.

Mfaume akamshika, akamsimamisha ubavuni pake kwenye mstari wa wafiwa. Watu wa Temeke wakaja mmoja mmoja, mjomba Kondo mbele.

"Pole, mwanangu," akamwambia yule askari, akampa mkono.