Injini Iliyozimwa Mteremkoni

Mimi Onésime ni dereva wa pikipiki, motard, hapa Butembo kwa miaka kumi na mmoja, na mtu akitaka kunifundisha barabara namwambia akafundishe mbuzi wake. Sibebi abiria wawili. Silewi. Kofia ngumu naivaa hata jua likiwaka, na mbele ya shule napunguza mwendo hadi watoto wananicheka. Nasema haya si kwa kujisifu, ingawa ni kujisifu. Nasema mjue ni mtu wa namna gani aliyemgonga Mama Kanyere.

Tabia yangu mbaya ilikuwa moja: mteremkoni nilizima injini. Msinikunjie uso, tuko wengi. Mafuta ni ghali, vilima vyetu ni virefu, na ukitoka Masereka unaweza kushuka kilometa nzima bila kutumia hata tone. Haba na haba hujaza kibaba. Pikipiki inateleza kimya, unasikia upepo tu, na unajiona mwerevu.

Sasa, mama zetu wa milimani hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Ukibeba hivyo gunia la viazi, kichwa kimeinama na shingo imekaza, huwezi kugeuka kutazama nyuma. Unatazama miguu yako tu. Barabara unaisikiliza. Mama akitaka kuhama upande husimama kwanza, akasikiliza, ndipo avuke. Nilijua hilo tangu utoto, maana mama yangu mwenyewe alinilea kwa kamba ile. Nilijua, na bado nilizima.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, sikuwa na abiria. Baada ya kona nikaona mgongo wa mama na gunia lake, ukingoni kabisa mwa njia. Mbele yake mvua ilikuwa imechimba shimo. Akasimama. Najua alikuwa anasikiliza. Kisha akaingia katikati ya njia, polepole, bila wasiwasi wowote, na mimi nilikuwa nimeshafika. Nilibonyeza honi, haikulia, kwa sababu ufunguo nilikuwa nimeuzima. Nilibana breki nikateleza ubavu.

Viazi vilitawanyika hadi mtaroni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti, naye alilia kwa Kinande akimwita mama yake. Nami, kabla hata ya kumgusa, nikafanya jambo ambalo hadi leo naliona aibu: niliinua pikipiki, nikawasha injini. Watu wa shambani walipofika waliikuta inanguruma.

Sikukimbia. Nilimsindikiza hospitalini, na alipopelekwa nyumbani na plasta mguuni nilikuwa naenda kumwona kila baada ya siku mbili, na ndizi mkononi. Binti yake Bénite alinisifu kwa majirani, eti wengine hugonga na kutoroka, huyu ana moyo. Nilikaa kwenye kiti chao, nikala bugali yao, nikaikubali sifa hiyo.

Siku ya kwanza tu Mama Kanyere alinishika mkono.

"Unisamehe, mutoto wangu. Nilisimama, nikasikiliza muzuri. Sikusikia kitu. Piki nilisikia wakati nimeshaanguka. Masikio yangu njo imekufa."

"Pole, mama," nikasema. Pole! Ningeulizwa leo, neno hilo ningelitema chini.

Basi nyumba nzima ikaamini. Bénite akaanza kuzungumza na mama yake kama anamwita kutoka mlima wa pili. Mama akijibu maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini, Bénite alinong'ona kwamba anasoma midomo. Na mwenye masikio naye akaanza kuyashuku. Siku moja chai ilikuwa inachemka, akaniuliza kama kweli inalia au anajidanganya. Kanisani walikuwa wakimsifu kwa sauti yake. Sasa hata nyimbo za kumenyea viazi aliziacha, aliogopa anaimba ovyo bila kujua. Nilimwona anapungua mbele ya macho yangu, na si kwa ajili ya mguu.

Wiki ya tatu uamuzi ukatoka. Lusenge, mwanawe anayeuza kakao Beni, angekuja Jumamosi kumchukua akaishi kwake moja kwa moja. Shamba la Masereka angepewa wifi yake.

"Kiziwi hapana kutembea mu njia," Bénite akaniambia. "Siku ingine watamuua."

"Kule iko joto," Mama Kanyere akasema, akitazama mikono yake. "Na sijue mutu. Lakini nitafanya je?"

Nilirudi kwangu nimevimba hasira, kama vile mwingine ndiye aliyekosa. Nikapiga hesabu za woga. Nikisema, chama cha motards kitaninyang'anya kizibao cha kazi, na Bénite atanipigia kelele mtaa mzima usikie. Nikinyamaza, mama atakwenda kuzeekea Beni na masikio mawili mazima. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika mlangoni kwao.

Jumamosi nilikuta godoro limeshafungwa juu ya gari. Mama alikuwa amekaa ndani ya gari, kitambaa kipya kichwani, fimbo mapajani. Lusenge na Bénite walikuwa wanakunja mablanketi. Sikusalimia mtu.

"Mama, masikio yako iko muzima," nikasema. "Miye nilizima moteur kwa kushuka. Hakukuwa kitu ya kusikia."

"Anasema nini, huyu?" Bénite akauliza kwa sauti yake ya mlimani.

"Nyamaza," mama akasema. "Nimesikia." Akanitazama. "Na ile nilisikia wakati nimeshaanguka?"

"Niliwasha kisha, juu batu wasijue nilikuwa nimezima."

Alishika masikio yake yote mawili, akacheka kicheko kifupi ambacho nusu kilikuwa kilio. Akamwambia Lusenge ashushe godoro. Nikaanza kupumua. Nilidhani yamekwisha, mpumbavu mimi.

"Onésime," akasema, sasa bila kucheka. "Muguu, naachilia. Mutu anaweza kukosa mu njia, hata miye nimekosa mingi. Lakini wiki tatu unakula hapa. Banapiga kelele mu masikio yangu kama miye ni muzoba, mujinga, unaona. Naacha kuimba, unaona. Na weye unasema pole. Ile, nitaiachilia namna gani? Uniambie."

Lusenge alipita na godoro begani, Bénite akampisha mlangoni, na hakuna aliyeniambia niketi.