Theluthi ya Kibakwe

Gari lilikuwa limeshaipita Ihumwa Flaviana alipotazama miguuni akaona amevaa kandambili. Viatu vyake vilikuwa vimebaki chini ya meza ofisini, Dodoma mjini, na wala hakuthubutu kusema wageuze.

"Mzee Anselmi, tutafika saa ngapi?"

"Mwanangu, umeniuliza getini, ukaniuliza Nzuguni, na hapa unaniuliza. Saa kumi. Hata ukiniuliza kwa Kigogo, saa kumi."

Anselmi alikuwa dereva wa miaka mingi, mtu wa kupiga soga njia nzima. Siku hiyo alizima redio mwenyewe. Aliambiwa jambo moja tu pale ofisini: kuna watu wanne huko milimani Kibakwe ambao jioni hii, kabla ya kula, watajichoma sindano ya insulini, na huenda mmoja wao au wote wameambiwa dozi ya kuua.

Iliyowaambia ni kompyuta ya kina Flaviana.

Walikuwa wanne tu katika kampuni yao, chumba kimoja na feni mbili. Walitengeneza mfumo wa kuwatumia wagonjwa wa kisukari meseji kila alfajiri: leo jioni jichome yuniti kadhaa. Kwa miaka miwili ulikwenda vizuri. Shida yao ilikuwa logi. Logi ni daftari ambalo mfumo unajiandikia wenyewe: saa fulani nimetuma hiki, saa fulani nimegonga mwamba, nimejaribu tena. Daftari hilo lilinenepa mpaka likajaza seva, na ukitaka kutafuta mstari mmoja ndani yake unaweza kunywa chai ikaisha hujaupata. Ndipo wakaamua watafute huduma ya kuwatunzia na kuwachambulia logi, na wakachukua tatu za kujaribu.

Octavian, aliyekuwa mkubwa wao, akazipa majina ya utani. Ya kwanza akaiita Tajiri: ukiuliza neno inakujibu kabla hujaondoa kidole, lakini inatoza kwa kila mstari. Ya pili akaiita Ya Nyumbani: haina bei, unaisimika mwenyewe kwenye seva yako, ila lazima mtu aiangalie kama ng'ombe wa maziwa. Ya tatu akaiita Bahili: bei nafuu, inatafuta vizuri, na ahadi zake zimeandikwa kwa herufi ndogo ndogo.

Watazilinganishaje? Flaviana ndiye aliyesimama ubaoni.

"Tugawe kwa wilaya. Chamwino kwa Tajiri, Kongwa kwa Ya Nyumbani, Mpwapwa kwa Bahili. Kila moja ibebe theluthi yake, mwisho wa mwezi tuone. Na lile daftari letu la zamani tulizime, lisituvurugie vipimo."

"Safi," alisema Octavian. "Mtu aliyesoma sekondari ya Mvumi anaonekana."

Wakacheka, wakazima. Wote wanne waliona ni haki, kila huduma na sehemu yake sawa. Hakuna aliyeona kwamba kuanzia siku ile kila mgonjwa alikuwa na daftari moja tu duniani.

Ijumaa hii ya safari, saa nne asubuhi, nesi mmoja wa Mlali, Kongwa, alipiga simu. "Nyie watu, mgonjwa wangu anajichoma ishirini. Mbona leo mmemwambia arobaini?"

Flaviana alifungua Ya Nyumbani, na jibu likawa pale pale. Meseji ilipogoma kutoka mara ya kwanza, mfumo ulijaribu tena. Na kwa kosa lililoingia kwenye marekebisho ya jana yake, kila ulipojaribu tena ulijumlisha dozi upya. Ukijaribu mara moja, ishirini inakuwa arobaini. Ukijaribu mara mbili, sitini. Akafungua Tajiri, akawaona wawili wa Chamwino. Wote watatu wakapigiwa simu, wakapokea, wakaelewa.

Akafungua Bahili.

Muda wako wa majaribio umekwisha saa tatu asubuhi ya leo. Kumbukumbu zako zimefutwa. Asante kwa kutujaribu.

Theluthi nzima ya Mpwapwa ilikuwa giza. Kampuni ya simu nayo ilijibu kwamba orodha ya meseji zilizotoka hupatikana kwa barua rasmi, ndani ya siku tatu. Wagonjwa wa Mpwapwa walikuwa kumi na mmoja. Saba walipatikana kwa simu, na kila mmoja alisoma dozi yake ile ile ya siku zote. Wanne wa milimani hawakupatikana, wala nesi wao, kwa sababu mnara wa kule ulizimika tangu saa mbili. Na meseji mbaya, kama zilikwenda, zilikwenda alfajiri, mnara ukiwa unasuasua, yaani pale pale ambapo mfumo hujaribu mara nyingi zaidi.

Mbande wakakata kuelekea Kongwa. Flaviana alishika simu kwa mikono miwili. Vumbi liliingia na hakufunga kioo.

Mpwapwa mjini, saa nane, simu ikalia. Octavian.

"Bahili wamejibu. Vilivyofutwa havirudi. Ila wametuma ripoti ya kufunga majaribio, ina idadi tu, haina majina. Unasikia?"

"Soma, kaka."

"Meseji kumi na moja zimetumwa. Kujaribu tena, mara tatu."

"Tatu."

"Tatu. Wale saba wako sawa, kwa hiyo hizo tatu ziko kwa wanne wako. Huenda ni watu watatu, mara moja moja. Huenda ni..."

"Usiseme."

"Huenda ni mtu mmoja, Flaviana. Mara nne ya dozi."

Flaviana akakata simu. Anselmi alikanyaga mafuta. Baada ya Mpwapwa barabara ni changarawe na kona, na kila kona Flaviana alirudia moyoni dozi za wale wanne kama mtoto anayekariri: Noeli kumi na mbili, Rose kumi, Suleiman nane, mwalimu Hana kumi na nne. Halafu akawa anazizidisha bila kutaka. Kichwa kilikataa kuacha.

Zahanati iko juu ya Kibakwe, mwendo wa nusu saa. Nesi Priska alikuwa nje anaanika mashuka.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo, kisha akaona uso wa mgeni. "Kuna nini?"

Flaviana alimweleza akiwa amesimama. Priska aliliacha shuka lining'inie upande mmoja.

"Suleiman dawa yake ipo kwenye friji langu, anachomea hapa mbele yangu. Huyo hana tatizo. Wengine wanatunza nyumbani, kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji. Twende kwa Thobias."

"Thobias ni nani?"

"Ndiye mtandao wetu."

Thobias alikuwa na kibanda na sola ya kuchajia simu. Kijiji kizima hulaza simu kwake. Kila alfajiri anazitia kwenye mfuko wa unga, anapanda nazo kwenye jiwe kubwa ambako mtandao hushika, zinalia zote pamoja kama vifaranga, kisha anashuka na kumsomea kila mtu habari zake. Za ndoa, za msiba, za sindano. Za sindano anaziandika kwenye kaunta buku, kwa sababu mwaka juzi alimsomea mtu vibaya na Priska alimshukia mbele ya wateja.

"Leo umeandika?" Priska aliuliza.

"Nesi, na wewe! Nisipoandika si utanila nyama?" Akafungua. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa kalamu nyekundu. "Noeli, kumi na mbili. Rose, kumi. Suleiman, kumi na sita."

Flaviana alifuata mistari kwa kidole. Noeli sawa. Rose sawa. Suleiman nane imekuwa kumi na sita: kujaribu tena, mara moja.

Katika zile tatu za ripoti zilibaki mbili.

"Na mwalimu Hana?"

"Mwalimu hampi mtu simu yake," alisema Thobias. "Anasema mimi mbea. Yeye kwake kunashika kidogo, pale mlangoni."

Kumi na nne, ishirini na nane, arobaini na mbili. Hakuna haja tena ya Bahili wala Tajiri. Kaunta buku lilikuwa limemtaja mtu bila kumwandika.

"Anachoma saa ngapi?" Flaviana aliuliza.

"Saa kumi na mbili, na hula papo hapo," alisema Priska. Kisha akatazama saa yake. "Leo Ijumaa. Ijumaa ana kwaya. Anachoma mapema."

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Priska alikimbia ndani akatoka na chupa za dripu ya glukosi na sindano mfukoni. Thobias alimtupia Flaviana chupa ya asali toka rafuni bila kuulizwa. Anselmi aliendesha mpaka njia ilipokwisha kwenye korongo, akasema, "Hapa gari halipiti. Nendeni, mimi naligeuza liangalie chini."

Wakapanda kwa miguu. Kandambili moja ilikatika Flaviana akaiacha. Akaiacha na ya pili. Miiba ilimchoma na alifurahi kidogo, kwa sababu maumivu yalimpa kitu kingine cha kufikiri. Juu yao nyumba ya bati ilionekana, moshi hautoki jikoni. Alitaka moshi utoke. Moshi ungekuwa na maana mtu anapika, anasimama, anatembea.

"Hodi, mwalimu!" Priska aliita tangu mbali. "Hodi!"

Kuku mmoja alitoka mlangoni akawatazama, akarudi.

Mwalimu Hana alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa sare ya kwaya, kitabu cha nyimbo mapajani. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa yakitazama popote.

"Mwalimu, shikamoo," Flaviana alisema, maana hakujua kingine cha kusema.

"Marahaba. Umechelewa kipindi," alisema mwalimu Hana polepole. "Kaa nyuma."

"Umechoma ngapi, mwalimu?"

"Arobaini na mbili." Akatabasamu. "Niliona nyingi. Nikasema, wale wa Dodoma wana kompyuta. Wiki iliyopita kliniki waliniambia sukari iko juu. Nikasema, wameona."

Kisha shingo ikalegea.

Priska alimlaza chini. "Asali! Paka kwenye fizi, usimimine kooni, itampalia. Paka!" Flaviana alitia kidole kwenye chupa, akapaka, akapaka tena, asali ikamwagika kwenye sare ya kwaya. Priska alitafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena. Simu ya mwalimu ilikuwa sakafuni karibu na chungu, meseji ikiwa wazi. Ndugu Hana, leo jioni jichome yuniti 42. Afya njema. Maneno ya mwisho Flaviana aliyaandika mwenyewe miaka miwili iliyopita, akaona yamependeza.

"Nimepata mshipa," alisema Priska. "Shika chupa juu. Juu zaidi. Usilie sasa hivi, utalia baadaye."

Walimshusha kwa kitanda chake cha kamba, majirani wanne wakibeba, Flaviana pembeni na chupa mkono juu mpaka bega likafa ganzi. Anselmi alikuwa ameligeuza gari na kuliwasha.

Mwalimu Hana hakufa. Alifungua macho siku ya pili hospitalini, akamtambua dada yake siku ya nne. Mkono wa kulia haukurudi sawasawa, na nyimbo alizozijua zote kwa kichwa sasa anazisoma kitabuni. Hayumo tena kwenye mfumo wa meseji. Priska humwandikia dozi kwenye karatasi.

Suleiman alichomwa nane jioni ile na msaidizi wa Priska, aliyekuwa na kadi yake, kama siku zote. Noeli na Rose hawakujua lolote mpaka Jumapili.

Mfumo ulifungwa wiki sita. Uliporudi, Octavian alichagua Ya Nyumbani, na akaliwasha tena lile daftari la zamani kando yake. Huduma ile ya Bahili bado ipo na ina wateja.

Thobias aliandikiwa barua ya shukrani na ofisi. Ameipigilia msumari kibandani. Bado mwalimu Hana hampi simu.

Anselmi anaendesha gari lile lile. Redio ameiwasha.

Flaviana aliacha kazi mwezi uliofuata, akarudi Mvumi, anafundisha kompyuta shuleni. Viatu vyake vilikaa chini ya meza mpaka Octavian alipovituma kwa basi.