Dole Gumba la Mama Redio

Mashine ya vidole ilipigiliwa ukutani, kando ya mlango wa chumba cha kufulia cha hospitali, na kila asubuhi ilimkana Mama Redio mbele za watu.

"Jaribu tena," ilisema ile sauti ya kike, tamu, utadhani inakukaribisha harusini.

Akalifuta dole gumba kwenye gauni, akalipulizia pumzi, akalibandika upya.

"Jaribu tena."

Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Ilikuwa miaka tisa anafikicha mashuka ya wagonjwa kwa mkono, kwenye dawa ya kutoa madoa, kabla hayajaingia kwenye mashine kubwa. Dawa ile ilikuwa imemla ngozi ya vidole mpaka ikabaki laini kama kigae, haina hata mstari mmoja. Kwa hiyo kila siku ilibidi msimamizi aandike jina lake daftarini, na msimamizi aliandika akijisikia. Asipojisikia, basi siku hiyo hukuja kazini, hata kama mgongo wako unajua ulikuja.

"Haya mama, sogea wenzako wapite," alisema msimamizi, kijana ambaye Mama Redio angeweza kumzaa.

"Bosi, nina ombi."

"Jibu ni hapana. Haya, omba."

Wanawake wakacheka. Mzaha wa bosi huchekwa, uchekeshe usichekeshe.

"Kesho kutwa kuna kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu. Saa nane mchana."

"Kwani wewe ndiye unayesoma?"

"Hapana, bosi, lakini..."

"Basi aende anayesoma."

Wakacheka tena. Mama Redio naye akatabasamu, maana angefanyaje? Akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Hakuwa anajua kusoma, ila aliijua kwa kichwa, kwa sababu binti yake alikuwa amemsomea mara tatu. Huyo ndiye Redio mwenyewe, wa darasa la saba. Mtaa ulimpa jina hilo kwa kuwa hakuna maandishi yaliyompita kimya: pakiti ya chumvi, bango la daktari wa meno, gazeti lililofungiwa sabuni, yote aliyasoma kwa sauti, na mama yake alisikiliza kama anasomewa habari za dunia.

Barua ilisema hivi: mzazi atakayekosa kikao, mtoto wake hataandikishwa kwenye mtihani wa kumaliza shule.

Na haikuwa barua ya kwanza. Mwaka huo Redio alikuwa amerudishwa nyumbani mara tatu. "Usirudi bila mzazi." Mzazi yuko wapi? Yuko hapa, viwiko majini. Redio alikaa nyumbani siku nne, kisha wiki, kisha siku nane, mpaka mwalimu alipochoka kumwona hayupo akamruhusu aingie. Huku nyuma wenzake walikuwa wamefundishwa sehemu, wamemaliza, wameingia asilimia. Hesabu zake zikaporomoka. Kwa nini zisiporomoke?

Msimamizi aliirudisha barua bila kuifungua.

"Maliza mashuka ya chumba cha upasuaji kwanza. Ukimaliza, nenda. Lakini siku hiyo siandiki jina lako."

"Ahsante sana, bosi."

Alishukuru kabisa, kwa moyo mmoja.

Siku ya kikao mashuka yalikuwa arobaini na sita, na damu ilikuwa imeshakauka. Saa saba na nusu yalikuwa yamebaki kumi. Shoga yake wa upande wa pasi akaja, akakunja mikono ya gauni, akayatumbukiza matano kwenye beseni lake.

"Jikaze kisabuni, shoga. Na ukifika usikae nyuma kama mkosaji. Uliza swali."

"Swali gani?"

"Lolote! Wajue una mdomo."

Njiani, nusu anatembea nusu anakimbia, alilipata swali lake. Lilikuwa swali zuri, akalirudiarudia asilisahau: hawa watoto mnaowarudisha nyumbani kutuita, yale yaliyofundishwa wakiwa hawapo watafundishwa lini?

Alifika saa nane na dakika ishirini. Geti limefungwa.

"Kikao kimeanza," alisema mlinzi. "Aliyechelewa hakufika. Ndiyo amri."

"Kaka yangu, nimetoka kazini mbio, hebu nione nilivyo."

"Nakuona, dada. Na amri naiona."

Akashika nondo za geti. Akilini alimwona Redio amekaa nje ya chumba cha mtihani, na yeye, mama mzima, ndiye kamkalisha pale kwa dakika ishirini. Ndipo akapita karani wa shule, binti nadhifu, kalamu kaichomeka kwenye nywele, mkononi jalada na pedi ya wino.

"Mzazi wa nani huyu? Darasa la saba?" Akapitisha kidole kwenye orodha, kikasimama. "Ah. Mwache apite. Unaandika, mama?"

"Natia dole gumba, mwanangu."

"Safi kabisa. Hapa." Akafungua karatasi nyingine. "Na hapa."

"Na hii ya pili ya nini?"

"Nakala, mama. Fanya haraka, wenzako wanaendelea."

Akalikandamiza dole kwa raha. Loo, wino haukumkataa! Haukumwambia ajaribu tena.

"Haya, umeshahesabiwa," alisema karani.

Umeshahesabiwa. Neno hilo lilimshuka kifuani kama uji wa asubuhi.

Ukumbini wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu, na walimu jukwaani kwenye viti vyenye mito. Alijibana kando ya fundi baiskeli mmoja mwenye grisi mpaka kwenye kucha. Kabla hajapumua, ikatangazwa kwamba mwenye swali aliandike kwenye karatasi, alipeleke mbele, ili kuokoa muda.

Mama Redio akaitazama mikono yake.

"Kaka," alinong'ona, "unajua kuandika?"

"Najua jina langu na bei ya tairi," alisema fundi baiskeli. "Kipi kitakufaa?"

Wakacheka kwa pua, kama watoto watoro. Swali likabaki mdomoni, akalimeza pamoja na mate.

Mwalimu mkuu alikuwa na sauti ya kubembeleza. Alisema shule ni mzazi. Alisema mtoto asiye na mzazi shuleni ni mche bila maji. Alisema mwaka huu, kwa ushirikiano mkubwa, wazazi kadhaa wameomba kwa hiari yao watoto ambao hawajaiva warudie darasa la saba, ili wasiaibike wala wasiiangushe shule.

"Hawa ndio wazazi tunaowataka! Tuwapigie makofi."

Mama Redio alipiga makofi. Aliwahurumia wazazi hao, akawaona mashujaa, akapiga mpaka viganja vikawasha.

Jumatatu orodha ya watahiniwa ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Redio aliisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, kama kawaida yake, majina sitini na mawili, wenzake wakishangilia kila mmoja lake. Jioni alimkuta mama yake anamenya viazi.

"Mama, jina langu sijaliona. Nimesoma mara mbili. Labda nimeliruka."

Redio, tangu azaliwe, hakuwahi kuruka hata nukta.

Kesho yake Mama Redio hakwenda kazini wala hakuomba ruhusa. Alimkuta mwalimu mkuu anakunywa chai, naye alimkaribisha kiti, akamwita mama yangu, akamwagiza karani alete jalada.

"Mama yangu, mbona ulikubali mwenyewe?" Akamsomea taratibu: "Mimi, mzazi, kwa hiari yangu, naomba mwanangu arudie darasa." Akaigeuza karatasi. "Na dole lako hili hapa."

Mama Redio akainama. Karatasi ilikuwa na madole ya watu wanane. Saba yalikuwa na mistari myembamba inayozunguka. La nane lilikuwa doa tupu, jeusi, laini. Alilijua. Hakuna mwingine mwenye dole kama hilo.

"Mimi nilitia dole la kufika kikaoni."

"Mtu mzima anatia dole bila kuuliza?"

"Niliuliza! Nikaambiwa ni nakala. Niliambiwa na huyu hapa."

Karani alikuwa anapanga mafaili yaliyokwisha pangwa.

"Tuyaache hayo," alisema mwalimu mkuu. "Alama zake za hesabu zimeshuka mno."

"Zimeshuka kwa sababu mlikuwa mnamfukuza aje kuniita mimi!" Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Mwalimu, mtoto huyu anasoma hata makaratasi ya jalalani. Mwandikisheni. Nakuomba. Nitapiga magoti."

"Usipige magoti, mama yangu. Ungekuwa unakuja tulipokuita, haya yote yangetoka wapi? Tatizo letu kubwa hapa ni wazazi kutoshiriki. Kama hukuridhika, iandikie barua kamati ya wazazi."

"Nani anaipokea?"

"Katibu."

"Katibu ni nani?"

Mwalimu mkuu akaweka kikombe chini. "Ni mimi."

Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mama Redio akaliinua dole gumba, akamwonyesha.

"Kazini, mashine inalikataa hili kila siku ya Mungu. Inasema halisomeki. Nyinyi mmelisomaje?"

Mwalimu mkuu alicheka kwa upole, akamsindikiza hadi mlangoni, mkono begani.

"Mwakani atajaribu tena, mama yangu."

Kwa kutokwenda kazini bila ruhusa, msimamizi alimhamishia zamu ya mchana. Ndiyo maana asubuhi ya mtihani alipita mbele ya shule jua limeshapanda. Madarasa mengine yalipewa likizo, ila watoto wa yale madole manane waliitwa waje kusaidia: kufagia, kuchota maji ya watahiniwa, kuzuia kelele. Redio alikuwa amesimama peke yake nje ya geti, sare kaipiga pasi mwenyewe, ameshika kwa mikono miwili ubao wenye herufi kubwa nyekundu. Muuza maji alipita na mkokoteni wake, akautazama ule ubao, akapunguza mwendo ili magurudumu yasipige kelele.

Mama Redio akasogea. Kupitia dirishani aliona vichwa vimeinama, vimepangwa kwa mistari.

"Pameandikwa nini hapo, mwanangu?" aliuliza, kama alivyouliza siku zote, barabarani, dukani, kila mahali.

Redio aliutazama ubao. Kisha akamtazama mama yake.

"Nenda, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Utachelewa kazini."