Injini Iliyokohoa

Faustina alishuka Migoli na kikapu cha maparachichi kutoka Igowole, na haja moja moyoni: kuisikia injini ya mtumbwi wa marehemu mumewe, Clement, kabla Halfani aliyeinunua hajaibadilisha. Alimkuta kando ya bwawa anafunga injini mpya.

"Shikamoo mama Eveline. Kikohozi chenu kile nimeshawapa watu wa vyuma chakavu. Kilikuwa kinaniaibisha."

"Marahaba, baba. Mungu ndiye mpangaji." Akageuka, asionekane machozi.

Zamani, jioni, kila mke wa mvuvi aliitambua injini ya mumewe kwa sikio. Injini ya Clement ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Faustina akiisikia inazunguka miamba iliyo karibu na ufuko, alimshukuru Mungu, ndipo akabandika maji ya ugali. Kubandika kabla aliona ni kumjaribu Mungu.

Bintiye Eveline, ambaye miaka hiyo alikuwa shule ya bweni, sasa kazi yake ilikuwa kusikiliza samaki bwawani humo, na Faustina akaenda kwake. Chini ya maji yeye na wenzake walitandaza kamba yenye maikrofoni nyingi. Sauti ikiwahi kufika kwenye hii na kuchelewa kwenye ile, kompyuta hujua imetoka upande gani.

"Samaki wananong'ona, mama, injini zinapayuka. Kompyuta inajifunza kelele ya kila injini. Ikibadilika, nayo inajirekebisha, halafu inaitoa. Anabaki samaki."

Akamvisha spika za masikioni.

"Huyu anakoroma kama mzee wakati wa mahubiri."

"Kambale huyo."

"Na kelele mnazitupa wapi?"

"Zipo pembeni tu, hatuna kazi nazo."

"Nipe hizo."

Eveline akacheka. "Umetoka Igowole kusikiliza takataka?" Hata hivyo akafungua za mwezi uliopita. Injini ya kwanza, Faustina akatikisa kichwa. Ya pili, vilevile. Kisha kikohozi. Kimya. Kikohozi. Hakuna upepo, hakuna samaki. Injini peke yake, safi kuliko alivyowahi kuisikia akiwa nchi kavu.

"Hiyo ilitutesa," Eveline akasema. "Haina mwendo mmoja. Kila siku kompyuta inajifunza upya."

"Hata mwenyewe alikuwa hivyohivyo."

Eveline akamgeukia. "Ya baba?"

Faustina alisikiliza mpaka ikafifia, kama inavyofifia mtumbwi ukigusa mchanga. Akavua spika, akafanya ishara ya msalaba, akasimama kutafuta sufuria.

"Mama, mapema yote hii?"

"Washa jiko, mwanangu. Keshazunguka miamba."