Kijiko cha Kwanza

Waliotangulia kuligundua jicho la Mokami walikuwa nzi. Alipoinama juu ya sufuria, waliiacha nyama wakalifuata jicho lake la kushoto, na hapo ndipo wachimbaji wa dhahabu walipozoea kumkagua mpishi kabla ya kukagua chakula. Kando ya pua yake palikuwa na uvimbe kama harage. Akiubonyeza kidogo tu, uteute wa kijani ulichuruzika shavuni, ukinuka kama yai viza.

Siku tone moja lilipoangukia kifuniko cha sufuria, Heche, mchimbaji mwenye mdomo mkali, alisukuma bakuli lake.

"Dada Mokami, huo mchuzi unaulilia nini? Umekufia?"

Benchi zima lilicheka, kisha likainuka. Kibanda kile, hapo machimboni Nyamongo, ndicho kilichowalisha wanawe. Jicho lisipokauka, hakuna ambaye atarudi. Akafunga safari ya Mwanza.

"Mfereji wa machozi umeziba, na usaha umejaa kifukoni," alieleza Daktari Imrani. "Nitaingiza kamera nyembamba puani, nitoboe mfupa, machozi yapate njia mpya. Ila kwa kifua hiki cha moshi na vumbi, mama, sitakulaza usingizi. Utapata ganzi, na dawa ya kukutuliza. Sauti utazisikia, maumivu hapana. Usijitikise tu."

"Nimezaa bila kukunja uso, daktari."

"Basi leo nami nizalie hivyo hivyo," daktari alitania.

Ganzi ilishuka kooni, chungu. Dawa ya mshipani ilimlegeza hadi vidole vya miguu, lakini masikio yalibaki wazi. Mfupa wake mwenyewe ulisagika ndani ya kichwa, krr, krr, kama mawe ya dhahabu kwenye mashine ya kusagia. Ghafla kitu kilipasuka, na uvuguvugu mzito ukamwagika nyuma ya pua.

"Tema, mama! Usimeze!" alisema muuguzi Kudra, akiharakisha mpira wa kufyonza.

Mokami alisikia vyema. Ulimi ndio haukutii; ulikuwa kama wa mtu mwingine. Akameza. Usaha ulikuwa mchungu, wenye utelezi, na uvundo wake ulipanda puani kutokea ndani. Alijua anameza nini, wala hakushtuka. Dawa ilikuwa imemtuliza, haikumsahaulisha. Kinyaa kilisubiri dawa iishe.

Aliporudi Nyamongo, pua ikiwa imepona, jicho lilikuwa safi kama la mtoto. Heche alikuja wa kwanza, na wenzake nyuma yake. Chakula kilikuwa supu yenye kichuri, ule uchungu wa kijani unaokamuliwa kwenye majani ya tumboni mwa ng'ombe, ambao Mkurya huulilia akiukosa. Mokami alifunua sufuria. Utelezi. Uvuguvugu. Kijani. Kinyaa kilichokuwa kikisubiri kikamfikia.

"Onja basi, dada," alisema Heche.

Ndiyo desturi: mpishi humeza kwanza, watu waone hakuna sumu. Na machimboni, ambako mtu huuawa kwa ajili ya jiwe lenye kung'aa, hakuna aliyeiruka. Akicheua mbele yao, biashara imekwisha.

Alimeza. Supu ilifika kooni ikagoma, ikarudi nusu, ikijaza kinywa uchungu ule ule wa chumba cha upasuaji. Akaimeza mara ya pili. Machozi yakamjaa.

Heche alilikodolea macho jicho lile la kushoto, akingoja.

Hakuna kilichodondoka. Mokami alihisi machozi yakizama pembeni mwa jicho, yakiteremka kwa njia yake mpya, hadi chumvi yake ikafika kooni. Hayo nayo akayameza. Uso ulibaki mkavu.

"Vipi, dada?" aliuliza Heche. "Tamu?"

"Leta bakuli, mura," alisema Mokami, akabana pumzi na kuchovya upawa.