Zizi la Ndama Chuoni

Mwaka 1979 vita vilikuwa vimetoka kumalizika, na Karatu nzima hakukuwa na bati wala mfuko wa saruji. Huo ndio wakati aliouchagua Ndugu Elimringi, mkuu wa chuo chetu cha ualimu, kutuambia sisi wanafunzi sita wenye watoto wachanga kwamba tujenge nyumba ya kuwalelea. Mkaguzi angekuja mwisho wa Juni. Asipoikuta nyumba, turudi makwetu mpaka watoto waache kunyonya.

Kwangu mimi kurudi kulikuwa kuuaga ualimu moja kwa moja. Mume wangu Tluway alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano, na uwezo wa kuweka yaya hatukuwa nao. Watoto tuliwalaza katika stoo ya majembe, tukawalinda kwa zamu, na zamu yangu iliangukia vipindi vya hesabu. Nilikuwa nimefeli hesabu mara mbili, na si kwa ujinga, msinicheke.

Chuo kilitangaza msaragambo huko Qurus, wanakijiji waje kutusaidia kujenga. Hakuja hata mmoja. Walikuwa wamechoshwa na majengo ya serikali. Nikambeba Katarina wangu mgongoni, nikaenda mwenyewe kwa Mama Raphaeli, maana yeye akisema twende, Qurus nzima inakwenda.

"Nyumba ya nani?" akaniuliza.

"Ya watoto wa chuoni, mama."

"Mtoto hana nyumba. Mwenyewe ni nani?"

Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, na Katarina alikuwa amenikojolea mgongo mzima. "Ni yangu!" nikasema kwa hasira.

Akanitazama, akamtazama mtoto. "Sasa tutakuja, mwanangu. Hatuwezi kukuacha na mtoto mchanga bila paa."

Wakaja watu arobaini na nguzo, fito na nyasi. Siku ya tatu walikuwa wanakandika udongo, wakijenga kama wanavyomjengea jirani: jiko, kitanda cha miti, na ndani kabisa zizi la ndama. Nilipoliona hilo zizi nilitaka kusema. Ningesemaje? Kwamba sina hata mkia wa ng'ombe, na nyumba si yangu?

Mkuu alifika Jumapili.

"Cresensia, hiki ni nini?"

"Zizi la ndama, Ndugu Mkuu."

"Ndama wa nani?"

Akasema nimemwaibisha, na kama mkaguzi akikataa nyumba kesho yake, nisisubiri kuambiwa. Usiku ule nilifunga sanduku langu.

Mkaguzi, Bibi Ndeshi, alikuwa mama mnene mwenye haraka. Akainama, akaingia, mkuu nyuma yake akijifuta jasho. Uji ulikuwa unachemka. Katarina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa, akauendea moto. Kabla sijamfikia, Bibi Ndeshi alimnyakua, akageuka huku na huku, akampitisha juu ya fito na kumweka zizini. Kisha akamtia na mwenzake. Katarina akashika fito, akajiinua, akacheka.

"Nani alifikiria hiki?"

Mkuu akakohoa. "Ni utaratibu wa wenyeji, Ndugu."

"Kila kituo ninachokagua nakuta mtoto ameungua. Hapa anzeni leo."

Nilitoka nje nikalia kwa furaha, bila aibu yoyote. Kisha nikaenda kumwambia Mama Raphaeli ukweli kwamba nilimdanganya. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake alikuja na wenzake wawili kushika zamu, akisema nyumba mpya haiachiwi wanafunzi.

Kwa hiyo Jumanne niliingia kwenye kipindi cha hesabu tangu mwanzo. Katikati ya kipindi nikasikia mtoto analia kule kwenye nyumba ya watoto, na ilikuwa sauti ya Katarina. Nikasimama. Mwalimu akageuka, chaki mkononi, darasa zima likinitazama.

Kilio kikakatika. Kuna mtu alikuwa amemchukua.

Nikaketi.